Sahani ya Mbegu ya Nyumba ya Siwa

Si kweli kwamba shemeji yangu Nup Ram alipandikiza bangi dume kwa siri na kuharibu mavuno ya kijiji kizima. Wala si kweli kwamba alinyang'anywa siwa, baragumu ya mungu wetu, kwa kuwa alipatikana na hatia. Maneno hayo yanasemwa kwenye duka la chai kando ya daraja. Majira ya joto yaliyopita nilimsikia mgeni kabisa, mnunuzi wa tufaha kutoka bondeni, akimsimulia dereva wake huku nimesimama hatua chache kutoka kwao, nikisubiri mzigo wangu.

Nikamwuliza, "Kijana, huyo mtu unamfahamu?"

"Hapana, mama. Lakini kila mtu anajua."

"Mimi ni mke wa marehemu kaka yake," nikamwambia, "na mimi sijui."

Akainamisha kichwa. Hata hivyo sina shaka kwamba alipofika bondeni aliendelea na hadithi yake.

Nup Ram amekwisha kufa, hawezi kujitetea, na hata alipokuwa hai hakuweza. Kwa hiyo naandika mimi. Nimesoma chuo kikuu Shimla, mji mkuu wa jimbo letu la milimani, nimefundisha historia katika shule ya wasichana hadi kustaafu, na tofauti ya ushahidi na porojo naijua. Nitaandika niliyoyaona, na yale niliyoambiwa na wahusika wenyewe.

Kwanza mtu mwenyewe. Nup Ram alikuwa mwoga. Sioni haya kulisema, kwa sababu woga si dhambi, na katika nyumba yetu hakuna aliyemcheka kwa hilo. Alifunga komeo la zizi la ng'ombe, akapanda ngazi, akashuka tena kulitazama. Alipopita daraja la mbao alishika kamba kwa mikono miwili, mtu mzima mwenye masharubu. Wingu likitokea juu ya mlima mkabala, alianza kuingiza ndani majani ya ng'ombe, na wanakijiji wakisema, "Nup Ram ameanza kuhama, mvua itanyesha juma lijalo." Mke wake, Phulma, mwanamke mwenye ulimi mwepesi na moyo mzuri, alizoea kuniambia, "Dada, mimi sikuolewa na mwanamume, niliolewa na sungura. Lakini sungura huyu hanipigi na halewi, kwa hiyo nimemweka."

Lakini alikuwa na siwa. Nyumba yetu ndiyo nyumba ya siwa hapa Thachdhar tangu kabla ya barabara, na kabla ya wafalme wa bondeni kujenga ngome yao. Ni ya shaba yenye pete za fedha, imepindwa mara mbili, na urefu wake unamzidi anayeipuliza. Mungu wa kijiji hatoki hekaluni wala harudi bila sauti hiyo. Mume wangu, aliyekuwa kaka mkubwa, hakuwa na pumzi ya kutosha, alikuwa mwalimu tangu tumboni, kwa hiyo siwa ilimwendea mdogo wake. Nami nilishuhudia, mwaka baada ya mwaka, kwamba Nup Ram alipoiweka midomoni mabega yake yalishuka. Uso ulitulia. Ndizo saa pekee nilizopata kumwona mtu yule bila hofu, na ndiyo sababu nasema kwamba siwa ilikuwa maisha yake. Mtu mwingine angepoteza heshima tu kwa kuipoteza, lakini yeye alikuwa na zaidi ya hiyo ya kupoteza.

Siwa ina masharti yake. Kila mwaka, majani ya mijozi, ile miti ya kokwa ngumu, yanapoanza kuanguka, mungu huwalisha wageni wake, na mikate ya mvuke ya siku hiyo hujazwa mbegu za bangi zilizokaangwa na kusagwa kwa chumvi. Nyumba ya siwa ndiyo inayotoa sahani ya kwanza ya mbegu. Mkuu wa nyumba huishika mbele ya machela anayobebewa mungu na kuapa kwa maneno haya: "Mbegu hii, mama yake alisimama katika udongo wangu, na baba yake alisimama katika udongo wangu, na mimi niliwaona wote wawili." Asiyeweza kuapa hutua siwa, na nyumba inayofuata huichukua. Nyumba inayofuata ni ya Beli Ram. Wameitamani tangu enzi za babu zao, na hilo nalo ni ukweli unaofaa kukumbukwa.

Wageni huniuliza kwa nini kiapo kitaje baba na mama wa mmea. Wakulima hawaulizi. Bangi ina dume na ina jike, na kila moja husimama kwa mguu wake. Tunaipanda theluji inapoondoka, katika makonde ya ngazi yaliyoshiba samadi ya kondoo. Mvua zinapoanza, dume hujionyesha mapema: huwa refu, jembamba, lenye vijipumbu vidogo vinavyoning'inia kwenye maungio kama zabibu changa. Jike huchelewa, hunenepa, hutoa nywele nyeupe. Dume likiachwa lipasue vijipumbu vyake, chavua huruka na upepo, jike hubeba mbegu, na jike lililobeba mbegu halitoi tena utomvu mwingi. Kwa hiyo madume hung'olewa mapema, na maganda yake hutoa nyuzi nzuri za kamba na viatu vya kusukwa. Majike yaliyobaki bila mume hulowa utomvu hadi majani yanang'aa, na baridi ya kwanza ikija hayo ndiyo yanayosuguliwa kwa viganja kupata charasi, utomvu mweusi wa kuvuta. Sitajifanya kwamba hatukusugua. Polisi hupanda huku na mapanga yao kufyeka, watu hufungwa, na mimi mwenyewe viganja vyangu havijawahi kuwa vyeusi. Lakini paa la nyumba hii, na karo za wapwa zangu, hazikutoka kwenye mshahara wa mwalimu peke yake. Nimesema ukweli huo ili nisadikiwe katika mengine.

Kung'oa madume ilikuwa kazi ya Nup Ram. Woga wake ulimfanya awe na jicho. Alipita konde baada ya konde, akiinua matawi, akirudi nyuma kuangalia alichokwisha kuangalia. Majirani walimwita na kwao. Aliacha madume katika konde moja tu, lile la chini kabisa nyuma ya mgongo wa mlima, penye mijozi, ili wapatikane wazazi wa mbegu ya sahani na ya kupanda mwaka ujao.

Mwaka ninaouzungumzia, mkwe wa Beli Ram alirudi kutoka Goa, pwani wanakokwenda watalii, na mbegu za wageni. Zilikuja katika vifuko vidogo vinavyong'aa. Akazionyesha kwenye kibaraza cha Beli Ram, na Phulma alikuwapo.

"Hizi zote ni majike," mkwe akasema. "Zimetengenezwa hivyo. Mia ukipanda, mia ni majike. Hakuna kung'oa. Ni fupi, zinakomaa kabla ya theluji, na nguvu yake ni mara mbili ya hii yenu ya babu. Mkivuta hii mtamsalimia mungu nyumbani kwake."

"Na mia wasio na mume?" Phulma akauliza. "Nani atawatuliza usiku?"

Watu wakacheka. Lakini wakachukua. Nup Ram naye alichukua, kwa sababu magoti yake yalikuwa yamekwisha. Msimu uliotangulia alishuka makonde kwa makalio kama mtoto. Mbegu isiyohitaji kung'olewa madume kwake ilikuwa kama dawa. Mimi wakati huo nilikuwa Shimla kutibiwa macho, nami niliporudi miche ilikwisha kufika kiunoni.

Sasa nieleze kosa, maana lilikuwa la kijiji chote na si la mtu mmoja. Kila nyumba ilipanda mbegu mpya kila mahali. Phulma alipanda mpya hata konde la mijozi. Mbegu ya zamani iliyobaki akaikaanga, wakala, kwa kuwa hakuna aliyewaza kwamba itahitajika. Kwetu hakuna aliyewahi kukosa dume. Dume ndilo lililokuwa kero, kitu kinachokuja bila kualikwa, ukilimaliza kwako linachungulia kwa jirani. Kila nyumba ilimtegemea jirani asiyepanda mbegu mpya, na jirani huyo hakuwapo. Tena Beli Ram, kwa kuilinda mbegu yake ya fahari, aliwatuma watu wafyeke bangi yote ya mwituni, kuanzia daraja hadi malisho ya juu.

Mvua zikaja. Nup Ram akapita makondeni na mikono yake ikabaki mitupu. Siku za mwanzo alifurahi. Baadaye nikaanza kumwona akisimama katikati ya konde akitazama huku na huku, kama mtu aliyeingia nyumba ya harusi akaikuta kimya. Mimea ilikuwa mizuri, sikatai. Mifupi, minene, majani mapana yenye kuelekea zambarau, na harufu iliyopanda hadi kibarazani, harufu ya limau na dizeli. Kwa mimea ile hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba ni mikali. Mbuzi wa Phulma alitafuna kitawi kimoja akalala juu ya paa hadi jioni.

Phulma ndiye aliyelitambua tatizo kwanza. Tulikuwa tunachambua mboga. Mikono yake ikasimama.

"Dada, sahani."

"Sahani gani?"

"Ya mungu. Mbegu itatoka wapi? Shamba zima ni la wajane." Kisha akaniangalia, akajishika mdomo. "Nisamehe, dada."

"Wajane hatuna ubaya," nikamjibu. "Endelea."

"Hakuna dume. Si kwetu, si kwa Beli Ram, si barabarani. Hakuna hata moja. Nani atazaa?"

Nup Ram alikuwa mlangoni, alisikia. Aliketi pale pale juu ya kizingiti. Tangu siku hiyo hakulala vizuri wala hakumaliza sahani ya wali. Alikwenda kutafuta dume kando ya njia zote, akashuka hadi mtoni, akarudi na fimbo na uso wa majivu. Phulma akamwambia, "Basi shuka vijiji vya chini, uling'oe dume moja la mwituni, uje ulipande konde la mijozi. Nani atajua?"

Hapa naomba msomaji asimame, kwa sababu hicho ndicho kinachosemwa kwamba alikifanya. Nilikuwapo alipojibu. Alisema, "Na chavua iende wapi, Phulma? Itabaki kwangu kwa adabu? Mwaka huu upepo unapanda kutoka chini. Itakwenda moja kwa moja kwa Beli Ram."

"Beli Ram anaisubiri siwa yako kama fisi."

"Najua. Lakini ana watoto."

Hakwenda. Nasema hakwenda, na magoti yake ni shahidi wangu wa pili.

Kisha ikaja mvua ya mawe. Wakulima wa tufaha wanaikumbuka. Ilipiga mchana kutwa, ikafuatwa na baridi isiyo ya msimu. Majani ya bangi yalitoboka kama chekecheke. Mimea ikainama, ikainuka tena, na sote tukashukuru. Siku chache baadaye Nup Ram aliniita kondeni. Hakuwa akiniita kondeni, alijua siendi. Nilikwenda.

Alinionyesha jike, jike kamili lenye nywele zake nyeupe. Kwenye kwapa la tawi, katikati ya nywele, palikuwa na vitu vidogo vya manjano, vimejikunja kama ndizi za mwanasesere.

"Hiki ni nini, shemeji? Wewe umesoma."

Nilimwambia ninachokijua. Mbegu ile imetengenezwa kwa kumlazimisha jike atoe chavua, na uzao wake hubeba tabia hiyo. Likiumizwa au likipigwa na baridi, jike lenyewe huweza kutoa maua ya kiume ili lisife bila mbegu.

"Kwa hiyo limeogopa," akasema.

"Unaweza kusema hivyo."

Akaligusa kwa kidole, taratibu. Poda ya manjano ikabaki ukuchani. Akageuka kutazama makonde ya Beli Ram, maana alikwisha kuelewa yote mawili: kwamba mbegu ya sahani imepatikana, na kwamba makonde yote ya kijiji yako hatarini.

Phulma alipoambiwa alipiga makofi. "Mungu amekupa! Nyamaza sasa. Kaa kimya, acha zizae, chukua sahani yako."

"Na Beli Ram?"

"Beli Ram ana macho yake."

"Hana," Nup Ram akasema. "Watu wote hapa wanatafuta dume lililosimama peke yake. Hakuna anayetazama kwapani mwa jike. Mimi mwenyewe niliona kwa kuwa naogopa kila kitu."

Akachukua fimbo yake akaenda, mchana kweupe, na mimi nikafuatana naye, kwa kuwa nilijua atahitaji shahidi. Beli Ram alikuwa kibarazani na mkwe wake na wanaume wengine wawili, wanakunywa pombe ya mchele. Beli Ram ni mtu mkubwa wa mwili na sauti. Aliniinukia kwa heshima, hilo namtolea ushahidi.

"Karibu, Mama Mwalimu. Kaka Nup, kaa. Umekuja kutuambia mlima unaanguka?"

"Beli, ndugu yangu, majike yanatoa maua ya kiume. Kwangu yametoa. Njoo tukague kwako leo hii. Tukiyanyofoa mapema tutaokoa mengi."

Beli Ram akamtazama mkwe wake. Kisha mkwe akacheka, na wote wakacheka.

"Mwanamke anaota masharubu!" Beli Ram akasema. "Kaka, umevuta?"

"Sivuti, unajua."

"Basi anza. Utatulia." Akamgeukia mkwe wake. "Umesikia? Kaka yangu anataka kuingia makondeni kwangu kunyofoa maua. Na mwezi ujao ni sahani. Mtu asiye na mbegu anataka kupita katika bangi yangu akiwa na fimbo na mfuko." Alisema kwa kucheka, lakini macho hayakucheka. "Rudi nyumbani, Nup Ram. Komeo la zizi hukulitazama."

Nikasema, "Beli Ram, mtu huyu amekuja kukuonya, kwa hasara yake mwenyewe. Nitalikumbuka."

"Mama Mwalimu," akajibu, "wewe kumbuka historia, mimi nitakumbuka shamba langu."

Hayo ndiyo yaliyosemwa. Wanaume wale wawili wangali hai, waulizwe.

Nup Ram alirudi kwake akaanza kunyofoa. Alinyofoa tangu umande ulipokauka hadi asipoweza kuona, akitambaa, Phulma nyuma yake akilaani na kunyofoa. Vidole vyake vilikuwa vya manjano. Lakini mimea iliyotishika ni mingi kuliko vidole vya watu wawili, na chavua ya makonde ya wengine ilikuwa tayari hewani. Wakati wa kusugua ulipofika, kijiji kizima kilisikia kokoto viganjani. Kila jike lilikuwa limejaa mbegu. Wanunuzi walipanda, wakanusa, wakaponda kwa vidole, wakashuka na mifuko mitupu. Zilikuwa siku mbaya. Watu hawakusalimiana vizuri kisimani. Kisha mkwe wa Beli Ram, ambaye ndiye aliyekuwa na la kujibu, akapata jibu: Nup Ram ndiye aliyehitaji mbegu, Nup Ram ndiye pekee aliyejua kabla ya wengine, kwa hiyo Nup Ram ndiye aliyeleta dume. Ni mantiki ya kitoto, lakini watu wenye hasara hawachagui mantiki.

Asubuhi moja tulikuta matope yamerushwa ukutani mwetu, chini ya dirisha la chumba siwa inamotundikwa. Phulma aliyaosha kabla jua halijapanda mlima. Nup Ram alipanda ngazi kuitazama siwa, akashuka, akapanda tena.

Sahani ilijaa. Mbegu zilikuwa nzuri, kubwa, zenye milia. Jioni ya kuamkia sikukuu alinijia nikiwa nimeketi na kitabu karibu na moto.

"Shemeji, kiapo."

Nililitegemea hilo, nami nilikuwa nimelifikiria kwa makini. Nilimwambia kwamba anaweza kuapa bila uongo. Mmea ule ni mama na ni baba, umesimama katika udongo wake, na yeye ameuona. Kiapo hakisemi lazima wawe na miguu miwili.

Alisikiliza hadi mwisho, kama alivyomsikiliza kaka yake siku zote.

"Unasema vizuri. Lakini kiapo kinasema niliwaona wote wawili. Mimi niliona mama aliyeogopa. Baba sikumwona. Na hata huyo mama, hii mbegu huenda ni ya chavua ya kwa Beli Ram. Nitajuaje?"

"Mungu anajua ulikwenda kuwaonya."

"Basi anajua pia kwamba sikumwona baba."

Phulma alikuwa jikoni. Alilia kwa sauti, akafuta uso kwa ncha ya shuka lake, akatoka na mwiko mkononi. "Wewe! Maisha yako yote unaogopa! Unaogopa daraja, unaogopa wingu, unaogopa mbuzi! Kesho moja tu, mwogope mke wako, useme maneno hayo!"

"Nakuogopa, Phulma," akasema. "Tangu zamani."

Phulma akacheka huku analia, naye mumewe akacheka kidogo, na wakaenda kulala. Nilidhani atayasema.

Uwanja wa hekalu ulijaa. Machela ya mungu yalikuwa mabegani mwa vijana, nyuso za fedha za mungu zilizofungwa juu yake zikimeta, na ngoma zikapigwa. Nup Ram alivaa koti jeupe la sufu na kofia yenye ukingo wa rangi. Siwa ilikuwa begani kwake. Alipopuliza ili mungu atoke, sauti ilikwenda hadi upande wa pili wa bonde ikarudi, na kwa dakika chache nikamwona mabega yakishuka, kama siku zote. Kisha ngoma zikanyamaza. Khub Ram, mkuu wa hekalu, mzee makini asiyependelea upande, akamwita. Phulma alinishika mkono, kucha zake zikazama.

Nup Ram alisimama na sahani. Mbegu zilichakarika juu ya shaba, na kila mtu alizisikia.

"Apa," Khub Ram akasema.

"Mbegu hii," akaanza, "mama yake alisimama katika udongo wangu."

Khub Ram akamsogelea.

"Endelea. Na baba yake."

"Mama yake alisimama katika udongo wangu na mimi nilimwona. Baba yake sikumwona. Sitasema nilimwona. Sikumleta mtu, wala sikumwona mtu."

Uwanja ulinguruma. Mkwe wa Beli Ram alipaza sauti, "Amekiri!" Mtu mwingine akamwambia, "Amekiri nini, mpumbavu wewe?" Beli Ram mwenyewe aliangalia ardhi. Machela yakayumba. Wapo wanaosema mungu aliinama kumwelekea Nup Ram, na wapo wanaosema vijana walikuwa wamechoka. Mimi nilikuwa upande wa kushoto, na mbele yangu palikuwa na kofia za wanaume. Sikuona, kwa hiyo sitoi ushahidi.

Khub Ram alisubiri watu wanyamaze. Kisha akasema maneno niliyoyaandika siku hiyo hiyo nisiyasahau: "Hatuhukumu mavuno hapa. Kiapo hakikukamilika. Siwa itakwenda nyumba inayofuata." Ni hayo tu. Hakutaja kosa. Hakutaja adhabu. Wala hakuna mkono uliomgusa Nup Ram. Aliweka sahani chini mwenyewe, akaitoa siwa begani mwenyewe, akaifuta mdomo wake kwa mkono wa koti lile jeupe, akavuka uwanja hadi kwa Beli Ram.

"Kuna ufa mdogo chini ya pete ya pili," akamwambia. "Ukipuliza, shika hapo kwa kidole. La sivyo italia kama ndama."

Beli Ram aliipokea kwa mikono miwili.

Jioni mungu aliporudishwa hekaluni, mwana wa Beli Ram alipuliza. Ililia kama ndama. Wakati huo Nup Ram alikuwa zizini, anatazama komeo, na Phulma alikuwa amesimama nyuma yake bila kusema lolote, jambo ambalo katika ndoa yao lilikuwa nadra.

Hivyo ndivyo nyumba yetu ilivyotua siwa. Alikuwa ameishi miezi yote ile akiogopa kuipoteza, na siku yenyewe aliitoa kwa mkono wake badala ya kusema asiloliona. Wanaotaka kuliita hilo hatia, waliite.

Sasa wapo wanaoniuliza jambo jingine, na huuliza kwa sauti ya chini, kama wananisaidia. Mwaka uliofuata Beli Ram alisimama uwanjani na sahani ya mbegu ya zamani, akaapa kiapo kizima bila kusita. Wanauliza mbegu ile ya kupanda ilitoka wapi wakati Thachdhar nzima haikuwa na punje moja ya zamani. Wanauliza ni nani aliyeshuka kuitafuta katika vijiji vya chini, akapanda nayo ikiwa ndani ya koti. Wamwulize Beli Ram. Yeye anajua ni nani aliyebisha mlango wake kwa fimbo, kisha akaenda zake kutazama komeo la zizi.

Mimi sisemi zaidi.